Madaraja Manane ya Batli ya Linux

Wanamaji wana neno batli, yaani daftari la safari ya chombo. Nalo lafaa sana kuliita lile daftari ambamo kompyuta ya Linux huandika matukio yake. Lakini kupata jina la daftari ni kazi nyepesi. Ugumu umo katika majina ya madaraja ya habari ziandikwazo humo.

Utaratibu wa madaraja hayo ulitokana na syslog, programu aliyoitunga Eric Allman huko Berkeley, Marekani, katika miaka ya 1980. Na kanuni yake, RFC 5424, ilitolewa mwaka 2009. Madaraja ni manane, tangu 0 hata 7. Sifa yake ni kwamba hupima jambo moja tu, nalo ni uzito wa habari. Ila yake ni kwamba hesabu yaenda kinyume cha mazoea: 0 ndiyo dharura, na 7 ni habari za mafundi watafutao kasoro. Hivyo aambiwaye "pandisha daraja" hajui kama atakiwa kuongeza habari au kuzipunguza.

Ila kubwa zaidi huzaliwa katika tafsiri. Daraja la 1 lamtaka fundi atende papo hapo. La 4 lamwonya tu kwamba jambo laweza kuharibika. Yote mawili ni rahisi kuitwa "tahadhari". Katika hadithi mgongano huo ungesameheka, lakini hapa una madhara. Katika faili ya /etc/systemd/journald.conf, mpaka uwekwao wa kuhifadhi huruhusu daraja lililotajwa pamoja na yaliyo mazito kulishinda. Basi msimamizi akusudiaye la 4, naye akaweka la 1, hatahifadhi habari za daraja la 2, la 3 wala la 4. Siku chombo kitakapozama, batli itafunuliwa, na ukurasa utakuwa mweupe.

Kwa hiyo yafaa kila daraja lipewe neno lake pekee: dharura, hima, hatari, kosa, onyo, ilani, taarifa, na upekuzi. Hapana shaka "dharura" na "hatari" zingali zakaribiana mno. Lakini programu hiyo hupokea jina la asili au tarakimu. Kwa hiyo mfasiri mwangalifu ataandika tarakimu kando ya kila neno, ili lugha ieleze maana na hesabu ilinde mpaka.