Blanketi la Dee, Vitambaa vya Kukhu

"Everyday Use", hadithi fupi ya Alice Walker, nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa darasani, kabla sijaacha chuo mwaka wa pili. Tuliambiwa Dee ndiye mbaya, tukaandika hivyo, tukapewa alama. Mara ya tatu ni mwezi huu, kwenye matatu ya kutoka Kitale kwenda Bungoma, na kufika Misikhu nilikuwa nishaanza kumtetea Dee.

Kwa asiyeijua: ilitoka 1973. Mama mmoja wa mashambani, Marekani, ana mabinti wawili. Dee amesoma na kuondoka. Maggie amebaki nyumbani, na makovu ya moto ulioteketeza nyumba yao ya kwanza. Siku moja Dee anarudi akitaka mablanketi mawili ya viraka, yaliyounganishwa kwa vipande vya magauni ya nyanya, mashati ya babu, hata kijipande cha sare ya Ezra, babu wa zamani zaidi, aliyoivaa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Anataka kuyatundika. Mama alikwisha kumwahidi Maggie, siku akiolewa. Dee analalamika kwamba Maggie atayatumia mpaka yararuke. Mama anamnyang'anya, anampa Maggie.

Sisi wa huku tunacheka mapema kuliko wasomaji wengine. Dee amekuja na jina jipya, Wangero, ambalo kwangu linasikika kama Wanjiru aliyeandikwa na karani mwenye haraka. Halafu anawaamkia watu kwa Kiganda. Walker alipita Kenya na Uganda akiwa mwanafunzi, kwa hivyo sidhani alikosea kwa bahati mbaya. Anamchezea Dee. Na hapo ndipo nina ugomvi naye: ukishamfanya mtu kichekesho, swali lake halisikiki tena.

Maana swali la Dee ni la kweli. Kitale kuna makumbusho yaliyotokana na mikusanyo ya mkoloni mmoja, Stoneham, aliyeanza yake 1926. Vipepeo vyake viliwekwa vizuri. Lakini vitambaa vya kwanza alivyofuma Kukhu, nyanya yangu, vile vya kufunika makochi alipoolewa, viko wapi? Vilitumika. Kimoja nilikiona mara ya mwisho kikishikia sufuria ya moto. Hakuna aliyefanya kosa, ni matumizi tu ya kila siku, kama kichwa cha hadithi kinavyosema. Lakini leo siwezi kukuonyesha hata kimoja.

Mama wa hadithi ana jibu, na darasani tulilipita mbio. Anasema Maggie anaweza kushona mengine. Anajua. Alifunzwa na nyanya na shangazi. Mama mwenyewe, tusisahau, mikono yake imo: nyanya aliunganisha vipande, kisha yeye na dadake wakayatandika kwenye fremu wakayashona. Kwa hiyo blanketi likiisha hakijaisha kitu, mradi mshonaji yupo. Dee anaweza kulihifadhi, lakini hawezi kulizaa.

Sawa. Lakini nani alimfanya Dee asijue? Walker ametuambia, kwa sentensi moja ya kupita: mama na kanisa walichanga pesa ili Dee apelekwe shule Augusta. Ni harambee kabisa. Walimtoa nyumbani kwa pesa yao, halafu hadithi inamhukumu kwa kutokuwa wa nyumbani. Sijaona Walker akilirudia jambo hilo, na kwangu ndilo shimo la hadithi hii nzuri.

Nalisema hivi kwa sababu linanihusu. Nikiwa mdogo niliishika sindano ya kroshia ya Kukhu, akanipokonya. "Wewe shika kitabu." Binamu yangu ndiye aliyefunzwa. Karo yangu ilitoka kwenye mahindi na ng'ombe mmoja ambaye sipendi kumtaja. Sasa digrii sina, na kufuma sijui. Mimi si Dee wala Maggie, na Walker hakuniwekea kiti.

Kukhu ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani kuna seti tatu za vitambaa ambazo hakuna kochi litakalozivaa akiwa hai, ni za vitukuu. Vitukuu vyenyewe havijazaliwa. Wengine wanatarajiwa kutoka kwangu, ati, na kila nikija ananiuliza kama nimechelewa na nini.

Safari hii nilimsimulia hadithi nzima tukichambua mboga. Nilitarajia aseme blanketi ni la nani. Aliuliza kitu kimoja tu: hayo mablanketi, miaka hiyo yote, nani alikuwa akiyafua?

Nikamjibu hadithi haisemi. Akaguna.

Jioni nikamwomba anifunze kufuma. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaniambia kesho niende sokoni ninunue uzi wangu. Ule wa kwenye sanduku una wenyewe.