Mgonjwa Haulizwi Uji?

Kuna kitabu kimepita mikono mingi hapa kambini mpaka jalada limebanduka. Ni Nervous Conditions, riwaya ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, iliyotoka mwaka 1988. Wengi wanakisifu kwa habari ya elimu ya mtoto wa kike na ukoloni. Ni kweli, hayo yamo. Lakini mimi nimekisoma kwa upande mwingine: humo ndani mna wanawake wawili walioacha kula, na nilitaka kujua nani alikaa nao.

Wa kwanza ni Nyasha. Alipelekwa Uingereza akiwa mdogo, akarudi Rhodesia Kishona kimemponyoka. Wasichana wa misheni wanaona anajidai kwa Kiingereza chake. Watoto wetu waliozaliwa kambini wanaijua hali hiyo: kule si kwao, hapa si kwao. Baba yake ni mwalimu mkuu. Tambu, anayetusimulia, anamwita Babamukuru, yaani baba mkubwa. Mezani kwake, ukiacha chakula umemvunjia heshima. Basi Nyasha anakula chote harakaharaka, anainuka, anakwenda bafuni kujitapisha kwa mswaki.

Sisi tuna methali: mgonjwa haulizwi uji. Kwa mwenye malaria ni sawa kabisa. Kwa Nyasha ni hatari, maana kila akilazimishwa, ndivyo anavyozidi kuficha. Dangarembga haandiki hotuba juu ya jambo hilo. Anatuketisha tu kwenye ile meza, na sisi tunakosa hamu ya kula.

Habari ya mswaki Nyasha anamwambia Tambu, mtoto wa baba mdogo anayelala naye chumba kimoja. Tambu hana dawa wala ushauri, ana masikio tu, na kwa muda yanatosha. Kisha anapata nafasi shule ya masista, anaondoka. Nyasha anamwandikia, anasema wazi kwamba pengo limerudi. Tambu amezama kwenye masomo. Anaporudi likizo anakuta mwenzake amebaki mifupa.

Mwanamke wa pili hasemwi sana: ni mama yake Tambu. Binti alipokuwa anakwenda kwa hao masista, mama alipunguza kula siku hadi siku, mpaka hata kubadili nguo akashindwa. Akaitwa ndugu yake, Lucia. Lucia hakuja na maneno mengi. Alimteremsha mtoni, akamtia kazi ya kuosha, akampikia nyama na maziwa, akakaa naye. Polepole mama akarudi.

Najua haya si maradhi mamoja. Ya mama ni huzuni. Ya Nyasha ni ugonjwa wenyewe wa ulaji, na ukali wa Lucia usingemponya. Ila tofauti iko wazi: mama alipata mtu wa rika lake, Nyasha alizungukwa na wakubwa. Daktari wa kwanza kule Salisbury, mzungu, alisema Waafrika hawaugui hivyo. Ikabidi atafutwe mwingine.

Tukifika hapo tunamcheka yule daktari. Halafu kwenye foleni ya mgao tunasema yaleyale: huo ugonjwa wa wazungu, posho yenyewe haitoshi, wewe unatapika? Zahanati ina utepe wa kupima mkono wa mtoto. Utepe ule unaonyesha mkono umekonda, hauonyeshi siri ya mswaki. Na ukishaambiwa ugonjwa wako haupo, utamtafutaje mwenzako mwenye nao? Hilo ndilo jeraha kubwa la Nyasha kwa usomaji wangu.

Ndiyo maana mwisho wake umeniudhi. Largactil, pamoja na uangalizi wa mama yake, vinaanza kumsaidia. Lakini Tambu hakai kuona, baba mkubwa anamtaka arudi shule. Na kitabu kizima hakimpi Nyasha hata mtu mmoja aliyepita njia hiyo akapona. Labda mwandishi alikuwa mkweli tu: kwa Rhodesia ile, angemtoa wapi? Hata hivyo sisi tunaosoma leo hatulazimiki kuishia pale.

Ndugu zangu wa mashirika, nawaomba jambo dogo. Mkimpata mmoja, msimfungie kwenye chumba cha ushauri peke yake, maana mikataba yenu huisha mkaondoka. Mtafutieni mwenzake aliyetangulia kupona. Daktari abaki palepale: kujitapisha hupunguza potasiamu na kuvuruga mapigo ya moyo, na aliyekaa na njaa muda mrefu hata kurudishwa kwenye chakula kunataka uangalizi. Wagonjwa peke yao wanaweza kufundishana kuficha. Aliyepona hadanganyiki kirahisi, na pia hashangai.

Juzi dada mmoja alinirudishia kitabu, ukurasa wa mswaki umekunjwa. Sikumuuliza kitu. Nilimwambia tu jioni nitakuwa bombani, kama anataka kampani. Alikuja. Tuliongea habari za madumu.

Kitabu kimerudi kwenye sanduku la kusomea. Anayekitaka akichukue, na ule ukurasa asiukunjue.