Stika Juu ya Kamera

Mwaka 1931 Curt Moreck alichapisha kitabu cha kuwaongoza wageni katika starehe za usiku za Berlin, zikiwemo baa za mashoga na kumbi za wasagaji. Kilitaja majina ya baa, mitaa zilipo na aina ya watu ambao mgeni angewakuta humo. Miaka miwili baadaye baa nyingi za aina hiyo zilikuwa zimefungwa kwa amri ya polisi. Nakisoma kitabu hicho kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, sambamba na vitabu viwili vya Christopher Isherwood kuhusu mji uleule, na swali moja haliniachi: anayeandika usiku wa watu wengine anamwandikia nani?

Moreck hana chuki. Tatizo langu ni sauti yake. Anaongea kama dereva wa watalii mbugani: tazameni kulia, wako pale chini ya mti, msishuke garini. Baa iliyomfaa zaidi msomaji wa namna hiyo ni Eldorado, mtaa wa Motzstrasse, ambako wanaume waliovaa magauni walicheza dansi na watu wenye fedha zao, wake kwa waume, wakaja kutazama. Kila mtu aliondoka na chake: mwenye baa mauzo, wachezaji ukumbi, mtazamaji hadithi ya kusimulia kwao. Sibezi biashara hiyo. Kupata mahali pa kucheza bila kupigwa ni jambo kubwa, hata kama meza ya pembeni kuna anayekukodolea macho.

Lakini anwani zile zilikuwa na msomaji mwingine. Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kilichokuwepo tangu 1871, kiliharamisha mapenzi kati ya wanaume. Polisi wa Berlin waliziacha baa ziendelee, huku wakiweka orodha za mashoga waliowajua. Uvumilivu wao ulikuwa na daftari. Wanazi walipochukua madaraka mapema 1933, daftari lilikuwa tayari. Iko picha maarufu ya Eldorado ya mwaka huo: polisi mbele ya mlango, mabango ya swastika ukutani, na maandishi ya zamani ya baa bado yakimwambia mgeni kwamba hapa ndipo penyewe. Tarehe 6 Mei wanafunzi wa Kinazi walivamia taasisi ya utafiti wa masuala ya ngono ambayo daktari Magnus Hirschfeld aliifungua 1919. Siku nne baadaye vitabu vyake vilichomwa moto hadharani.

Simlaumu Moreck kwa hayo. Polisi hawakuhitaji kitabu chake. Ninachosema ni kwamba anwani moja ina maana mbili kutegemea nani ameishika, na sauti ya kitabu kile ni ya mtu anayemwona msomaji mmoja tu, yule mwenye tiketi ya kurudi nyumbani.

Isherwood alihamia Berlin mwishoni mwa 1929. Katika Goodbye to Berlin, kilichotoka 1939, msimulizi ana jina lake mwenyewe, na mapema kabisa anajifananisha na kamera inayopokea kila kinachopita mbele yake bila kufikiri. Utulivu huo umesifiwa sana, nami naupenda. Baridi ya mji, mama mwenye nyumba na Sally Bowles wote wanaonekana hai. Ila kamera haina mwili. Msimulizi anazunguka mji mzima na hakuna anayemtamani. Alikuwa na sababu. Uingereza iliendelea kuwafunga wanaume kwa mapenzi hayo hadi 1967, na sheria za aina hiyo zilisafiri na ukoloni hadi kwetu, ambako bado zinaishi katika kifungu cha 162 cha Kenya na cha 154 cha Tanzania. Siwezi kumdai mwandishi ujasiri ambao ungempeleka jela.

Mwaka 1976, akiwa mzee, alirudi na Christopher and His Kind na kusema wazi alichokifuata Berlin: wanaume. Anaeleza kwamba baa za kifahari za magharibi mwa mji ziliwachezea watalii, na kwamba yeye alikwenda Cosy Corner, kibaa cha mtaa wa wafanyakazi, ambako vijana wasio na kazi walikaa kumsubiri mwenye fedha. Humo anajiita "Christopher", kwa nafsi ya tatu, kama anayemsema mdogo wake. Mwanzoni mbinu hiyo iliniudhi. Sasa naiona ni ya haki: aliyeona na anayeandika wametenganishwa, na wa pili anamhoji wa kwanza.

Kurasa nzito zaidi ni za Heinz, mpenzi wake Mjerumani. Waliondoka Berlin pamoja Mei 1933. Mwaka 1934 maofisa wa uhamiaji Uingereza walimrudisha Heinz bandarini. Wakahangaika nchi hadi nchi, mpaka 1937 Heinz akakamatwa Ujerumani na kufungwa. Isherwood aliishia Marekani. Walipendana katika usiku uleule, lakini mmoja tu ndiye aliyekuwa na pasipoti ya kumtoa humo.

Vitabu vyote vitatu vina upungufu mmoja ambao msomaji wa Kiswahili hawezi kuuruka. Mwaka uleule wa 1929 alifika Berlin kijana mwingine aliyezaliwa 1904 kama Isherwood, ila yeye Dar es Salaam: Bayume Mohamed Husen, askari mtoto wa vita vya kwanza, aliyekuja kudai malimbikizo ya mshahara wake. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu na kufanya kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz. Hakuwa wa dunia ya Cosy Corner. Alioa na kuzaa. Lakini naye alikamatwa kwa sababu ya mapenzi, uhusiano na mwanamke Mjerumani, na akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Kambi hiyohiyo ilikuwa na wafungwa waliovalishwa pembetatu ya waridi kwa kuwa mashoga. Wahudumu wa usiku wa Berlin walikuwa na majina, na mmoja wao alikuwa na lugha yetu.

Leo wageni humiminika Berghain, klabu iliyofunguliwa 2004 kutoka katika sherehe za mashoga. Mlangoni simu yako hubandikwa stika juu ya kamera. Naiona kama jibu kwa msimulizi wa 1939: ingia na mwili wako, kumbukumbu utabeba kichwani. Sisi tunaotoka mahali ambapo picha moja inaweza kumpoteza mtu kazi au ndugu hatuhitaji kufafanuliwa maana ya stika ile.

Ukitaka kuvisoma, anza na cha 1976, kisha rudi 1939, ndipo uende kwa Moreck. Katika kila baa utakayoingia, mtafute anayebeba sinia, na yule ambaye polisi wakija hatakuwa na pa kwenda.