Nani alisema stelingi hafi? Kifo cha Optimus Prime na hesabu za duka la midoli

Wengi wetu huku tulimjua Optimus Prime kupitia filamu za Michael Bay zilizoanza 2007: lori linalogeuka kuwa roboti, milipuko isiyoisha, na DJ wa kibanda umiza akitafsiri juu ya yote hayo. Leo nakurudisha nyuma zaidi, kwenye filamu ya katuni iliyotoka Marekani Agosti 1986, The Transformers: The Movie. Ni filamu mbovu kwa mambo mengi, na nitakueleza ni yapi. Lakini ndani yake kuna tukio moja ambalo mtu yeyote anayejali jinsi watoto wanavyofikiri hapaswi kulipita.

Tukio lenyewe: filamu haijafika hata katikati, stelingi anakufa. Hajifanyi kafa, wala hazimii. Optimus Prime analala mezani, anamkabidhi mwenzake uongozi, macho yanazimika, na rangi nyekundu na bluu ya mwili wake inageuka kijivu mbele ya mtoto anayelia, Daniel. Sisi tuliolelewa na kanuni ya "stelingi hafi" tunajua uzito wa kuivunja.

Na kwa nini walimuua? Kwa sababu mdoli wake ulikuwa wa 1984. Kampuni ya Hasbro ilikuwa na midoli mipya ya 1986 ya kuuza, Hot Rod, Ultra Magnus na wenzao, na ilitaka wa zamani wapishe. Basi. Hakuna mwandishi aliyekesha akiwaza maana ya kifo. Ilikuwa kazi ya kusafisha rafu za duka.

Ili uone kwa nini hesabu hiyo iligoma, ujue roboti hawa walitoka wapi. Mwanzoni hawakuwa watu. Kule Japani kampuni ya Takara ilikuwa inauza midoli iitwayo Diaclone: magari yanayogeuka roboti, na ndani yake kuna kadereva kadogo ka plastiki. Mtu alikuwa yule dereva, roboti ni chombo tu. Hasbro ilipoichukua midoli hiyo kuiuza Marekani iliwaomba Marvel, wale wa vitabu vya katuni, waitungie hadithi. Jim Shooter akaandika msingi wa vita vya sayari ya Cybertron. Dennis O'Neil akaja na jina Optimus Prime. Bob Budiansky akawapa karibu wengine wote majina na tabia: huyu mwoga, huyu ana majivuno, huyu anapenda binadamu. Nyuma ya boksi kukawa na maelezo ya kila mmoja pamoja na alama zake za nguvu, akili, kasi na ujasiri. Dereva akaondolewa, roboti akapewa nafsi. Plastiki ni ileile!

Halafu ikaja sauti. Mwigizaji Peter Cullen amesimulia mara nyingi kwamba alimjenga Optimus kwa kumwiga kaka yake, Larry, askari aliyepigana Vietnam, ambaye alimshauri asimfanye shujaa wa kupiga makelele. Ukisikiliza katuni ya 1984 utaisikia tofauti: kila mtu anafoka, huyu mmoja anaongea taratibu kama baba aliyechoka lakini hajakata tamaa. Kwangu mimi hicho ndicho kipande cha sanaa halisi katika mfululizo mzima, na hakikugharimu plastiki hata gramu moja.

Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl walieleza kitu ambacho leo kinajulikana sana katika masomo ya mawasiliano: mtazamaji hujenga ukaribu na mtu wa kwenye skrini asiyemjua wala kumjibu, na ukaribu huo hufuata njia zilezile za ukaribu wa kawaida. Unamsikia kila siku, unajua atasema nini, unamwamini. Optimus alikuwa anaingia sebuleni mwa watoto baada ya shule kwa miaka miwili. Ukishafanya hivyo hutengenezi tena mteja wa bidhaa peke yake. Unatengeneza mtoto mwenye mtu wake.

Wakosoaji wa wakati ule hawakuwa wajinga. Peggy Charren na chama chake cha Action for Children's Television walipiga kelele kwamba katuni hizi ni matangazo ya biashara ya nusu saa, na kwa upande wa chanzo walikuwa sahihi kabisa. Mwaka 1969 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikuwa imeshaikemea katuni ya Hot Wheels kwa sababu hiyohiyo. Ila miaka ya themanini mwenyekiti wake alikuwa Mark Fowler, mtu aliyeilinganisha televisheni na kibaniko cha mkate chenye picha, na mwaka 1984 tume ikaondoa mipaka ya muda wa matangazo. He-Man ya Mattel ilikuwa imeshatangulia 1983, na mlango ukabaki wazi. Tena watoto chini ya miaka minane hivi, kwa mujibu wa ripoti ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ya 2004, bado hawana uwezo wa kutambua kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Kuwauzia hao kitu kupitia rafiki yao ni kama kucheza karata na mtu asiyejua kwamba mnacheza.

Hapo niko na Charren. Ninapoachana naye ni kwenye dhana kwamba kilichotengenezwa kilibaki tangazo. Kama kingekuwa tangazo tupu, mtoto angefanya kama wewe unavyofanya simu yako ya zamani ikipitwa: angetupa macho kwenye mpya. Hakufanya hivyo. Watoto walilia ukumbini, wazazi wakaandika barua za hasira kwa Hasbro, na Hot Rod, aliyegeuka Rodimus Prime kuziba nafasi, hakupendwa kama mtangulizi wake. Flint Dille, aliyekuwa kwenye timu ya waandishi, amewahi kueleza kwamba walidhani wanaondoa bidhaa, hawakujua wameshika kitu kikubwa namna ile. Yaani mtengenezaji ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua ametengeneza nini.

Kuna jambo jingine linaloumiza zaidi, na hili silioni likisemwa vya kutosha. Mark Speece na Sandor Brent walipopitia tafiti za uelewa wa kifo mwaka 1984 (mwaka uleule, ajabu) walionyesha kwamba watoto wengi huelewa mambo matatu ya msingi kati ya miaka mitano na saba: kwamba kila kilicho hai hufa, kwamba mwili ukifa huacha kazi zake zote, na kwamba aliyekufa harudi. Sasa wafikirie walioketi ukumbini. Wengi wao walikuwa wamelipata hilo la tatu juzijuzi tu. Filamu ikalithibitisha kwa rangi ya kijivu. Halafu malalamiko yalipozidi, mwanzoni mwa 1987 katuni ya televisheni ikamfufua Optimus katika vipindi viwili. Kumbe aliyekufa anarudi, ili mradi biashara imelalamika. Toleo la Uingereza halikungoja hata hayo: waliongeza sauti mwishoni mwa filamu ikiwaahidi watazamaji kwamba Optimus atarudi.

G.I. Joe, ndugu yao wa Hasbro, alipata kituko zaidi. Katika filamu yake ya 1987 kamanda Duke anachomwa, anaanguka, wenzake wanasikitika, kila kitu kwenye picha kinasema amekufa. Lakini baada ya yaliyompata Optimus, waliingiza mazungumzo yanayosema yuko kwenye koma. Macho yanaona maiti, masikio yanaambiwa mgonjwa.

Sasa niseme kuhusu mashabiki watu wazima, maana ndio wanaoishikilia filamu hii leo. Utawasikia wakisema ilikuwa ya kijasiri, ilithubutu kuwaambia watoto ukweli. Mimi sikubali. Itazame tena nusu saa ile ya kwanza. Prowl anatokwa moshi mdomoni na kuanguka. Ratchet na Brawn wanaondoka ndani ya sekunde chache. Ironhide anajikokota, Megatron anamlenga na kumfyatulia karibu kabisa. Hakuna anayewalilia hata dakika moja. Ujasiri wa kusimulia kifo ni kubaki na wafiwa. Hapa wanafutwa kama bei ya zamani, na mwanamuziki wa roki anaendelea kuimba.

Udhaifu mkubwa zaidi ni Hot Rod. Ndiye aliyejiingiza katikati ya pambano, Megatron akamtumia kama ngao na kumpiga Optimus risasi. Yaani kijana ana mkono katika kifo cha kiongozi wake! Hiyo ni hadithi nzima ya hatia na kukua, iko mezani, imepikwa. Filamu inaionja na kuiacha. Inampeleka kwenye sayari ya vyuma chakavu, inamkimbiza huku na kule, halafu mwishoni inamzawadia uongozi. Mauzo yalihitaji awe kiongozi, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kumuuliza analala vipi usiku.

Hata hivyo siwezi kuwacheka mashabiki hao. Wao ndio walioshinikiza Peter Cullen arudishwe kwa sauti ya Optimus katika filamu ya 2007, na walikuwa sahihi kuliko mameneja wowote, kwa sababu walijua mtu wao anakaa kwenye sauti. Upande wa pili ni kwamba Takara tangu 2003 inawauzia Optimus wa daraja la Masterpiece, mkubwa na wa bei ya kutisha, na majonzi yao ya utotoni yamekuwa soko kamili. Filamu ya Bay ya 2009 ilimuua Optimus na kumfufua ndani ya saa chache. Kifo chake sasa ni sehemu ya bidhaa, kama magurudumu.

Usidhani katuni ya midoli haiwezi kufanya vizuri zaidi. Beast Wars, iliyoanza 1996 na kulipiwa na maduka yaleyale, ina kipindi cha 1998 ambacho Dinobot anajifunza kwamba mustakabali haujaandikwa tayari, kwa hiyo analotenda lina maana. Anachagua kusimama peke yake kuwalinda viumbe watakaokuwa mababu wa binadamu, na anakufa kwa uchaguzi huo, wenzake wakiwa wamemzunguka. Kifo chake kinatokana na yeye mwenyewe alivyo. Ndiyo, baadaye walileta nakala yake, biashara ni biashara.

Sheria nayo ilijaribu. Sheria ya Televisheni ya Watoto ya 1990 iliweka kikomo cha matangazo, dakika 10.5 kwa saa mwisho wa wiki na 12 siku za kazi, na FCC ikaamua kwamba kipindi kitahesabiwa kuwa tangazo ikiwa matangazo ya bidhaa yake yanaonyeshwa ndani yake. Maana yake katuni ya Transformers inaruhusiwa, ila tangazo la mdoli wa Transformers lingoje kipindi kingine. Ukiwa na mdogo wako wa miaka sita nyumbani, kaa naye siku moja uone kama anaujua mpaka huo.