Kugawanya kwa Nusu: Uhakiki wa Sentensi Moja ya Hisabati

Mwalimu anapomwambia mtoto, "Gawanya 6 kwa nusu," hutarajia jibu la 12. Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili aghalabu hujibu 3, na jibu lake hutiwa alama ya kosa. Lengo la makala haya ni kuonyesha kwamba kosa hilo si la mtoto bali ni la sentensi aliyopewa. Na kwamba lugha ya Kiswahili ina sentensi nyingine, ya zamani na iliyo wazi zaidi, ambayo ingefaa kutangulia.

Jambo hili si dogo. Nchini Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967. Nchini Kenya, hisabati hufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, lakini mwalimu anapoona darasa limekwama, mara nyingi hukimbilia Kiswahili ili alieleze. Ikiwa Kiswahili hicho nacho kinapotosha, mtoto hana pengine pa kukimbilia, na huenda akaamini kwamba lugha yake haikuumbiwa hesabu.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Mzizi -gawa una uzao mkubwa: gawa, gawia, gawana, gawanya, gawanyika. Katika vitabu vya hisabati umezaa pia kigawo na kigawe. Katika matumizi ya kila siku, maneno haya yote yanahusu kitu kimoja kinachopasuliwa mafungu, au mali inayotolewa kwa watu. Anayegawiwa hupata sehemu tu ya kilichokuwapo. Kwa hiyo mtoto aliyezoea kugawana mihogo na ndugu zake anajua kwamba hakuna fungu linaloweza kuzidi mihogo yote. Akiambiwa kwamba 6 imegawanywa ikawa 12, haoni hesabu. Anaona kiini macho.

Pili, kuna kihusishi "kwa". Katika "gawanya unga kwa watoto", kinaonyesha wanaopokea. Katika "gawanya mkate kwa kisu", kinaonyesha ala. Katika "gawanya faida nusu kwa nusu", usemi uliozoeleka sana, kinaonyesha jinsi mafungu yatakavyokuwa: mawili yaliyo sawa. Mtoto anayesikia "gawanya 6 kwa nusu" huichukua maana hii ya tatu kwa kuwa ndiyo iliyo karibu naye, akaikata 6 vipande viwili. Kama kipimo ni sarufi ya wasemaji, amepata. Kitabu kinamtaka aigawanye 6 kwa ½; yeye ameigawanya kwa 2. Tofauti kati ya mambo hayo mawili haikusemwa popote katika sentensi aliyopewa.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili peke yake ndicho chenye udhaifu huu. Mwaka 1985, E. Fischbein na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa Italia, wakaeleza jinsi wazo la kwamba kugawanya hupunguza linavyoendelea kutawala fikira hata baada ya kanuni kufundishwa. Mwaka 1999, Liping Ma alitoa kitabu juu ya walimu wa Marekani na wa China. Kati ya walimu 23 wa Marekani alioongea nao, 10 walipotakiwa kutunga kisa cha kugawanya kwa ½ walitoa kisa cha kugawanya kwa 2. Hao walikuwa watu wazima, tena walimu. Basi mtego umo katika lugha nyingi. Linalobaki ni kuuliza kila lugha ina njia gani ya kuutegua.

Njia ya Kiswahili imo katika kitenzi kingine: kupima. Pishi ya nafaka ina vibaba vinne, yaani kibaba ni robo ya pishi. Mwenye pishi tatu za mchele akiulizwa, "Pima pishi tatu kwa kibaba, utapima mara ngapi?" hahitaji kanuni. Kila pishi hupimwa mara nne, na pishi tatu mara kumi na mbili. Hapa "kwa" haina utata: kibaba ni ala, kama kisu kilivyo ala ya kukatia. Isitoshe, jibu halishangazi, kwa maana kila mtu anajua kwamba kipimo kikiwa kidogo, hupimwa mara nyingi. Methali ya "Haba na haba hujaza kibaba" imesimama juu ya maarifa hayohayo.

Lililo muhimu zaidi ni neno "mara". Hilo ndilo neno la kuzidisha: tatu mara nne. Swali la kupima, ambalo ni swali la kugawanya, linajibiwa kwa neno la kuzidisha bila mwalimu kulitia kwa nguvu. Kanuni ambayo hufundishwa kama amri, kwamba sehemu igeuzwe juu chini kisha izidishwe, inapata hapa sababu yake. Hugeuzwa kwa kuwa kila kitu kizima kina robo nne. 3 ÷ ¼ ni 3 × 4 kwa kuwa vitu vizima ni vitatu.

Wapo watakaosema kwamba pishi na kibaba vimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba mtoto wa mjini hajui pishi. Lakini anajua nusu mkate, robo kilo ya sukari na saa tatu kasorobo. Aulizwe basi: "Katika mikate sita zimo nusu ngapi?" Kiambishi -mo katika "zimo" kinabeba wazo zima la kitu kuwa ndani ya kingine, na upatanisho wa zi- unazifanya nusu ziwe vitu vya kuhesabiwa, wala si tendo la kukata.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kupima hakutoshi pale ambapo jibu si namba nzima. Lakini namba nzima ikigawanywa kwa sehemu ambayo kiasi chake ni moja, jibu huwa namba nzima siku zote, na ndiyo sababu somo lianzie hapo. Baadaye, mtoto akipewa 3 ÷ ⅖, atajua kwamba katika 3 zimo humusi 15, na kwamba zikipimwa mbilimbili hutoka mara saba na nusu. Wala kitenzi gawa hakipaswi kufukuzwa. Lita tatu zikijaza nusu ya mtungi, mtungi mzima huchukua lita sita. Hiyo nayo ni 3 ÷ ½, na hapa anayetafutwa ni mzima, si idadi ya vipimo. Maana hii ni ngumu zaidi, nayo ingefuata.

Kuna onyo moja juu ya istilahi. "Sehemu ya tatu" yaweza kuwa theluthi, na yaweza kuwa ile inayofuata ya pili. Thumuni kwa asili ni sehemu moja ya nane. Lakini katika sarafu ya Kenya sumuni ilikuwa senti hamsini, yaani nusu ya shilingi. Mwandishi wa kitabu hana budi kuchagua neno moja na kulishika.

Watungaji wa istilahi wamejitahidi kutafuta majina ya vitu vya hisabati. Vitenzi na vihusishi vyake havijapata uangalifu kama huo, ingawa ndivyo vinavyomwambia mtoto la kufanya. "Pima kwa nusu" itangulie, "zimo nusu ngapi" ifuate, na "gawanya kwa nusu" ije mwisho, mtoto akiwa tayari anajua anachoamriwa.