Winchi Zinazokula Nguvu ya Injini

Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam, Aprili 1948, kampuni ya Rover ilimlenga mkulima. Ndiyo maana gari lile liliweza kufungwa PTO, kifaa kinachochota nguvu za injini kuendeshea msumeno, pampu au mashine ya kupura nafaka. Aliyetaka zaidi aliongezewa winchi mbele: kapstani.

Kapstani ni gudulia la chuma lililosimama wima kwenye bampa. Halitunzi kamba, linazunguka tu. Wenzo mmoja huliunganisha na ncha ya krenkishafti kupitia gia za kupunguza mwendo. Mtu hulizungushia kamba mara tatu au nne, kisha huushika mkia wake mkononi, na hapo ndipo utamu wa kazi ulipo. Msuguano ukiwa wa kiwango cha 0.25, mizunguko mitatu huikuza nguvu ya mkono zaidi ya mara 100, kwa hiyo mkono unaovuta kilo 10 unakabili mzigo wa tani nzima. Akilegeza, gudulia linateleza na mvuto unakatika huku injini ikinguruma. Sharti mzunguko mmoja usipande juu ya mwingine. Ukipanda, kamba inajibana yenyewe na kuachia hakusaidii tena.

Toyota ilichagua njia nyingine. Katika Land Cruiser za mfululizo wa 40 na 70 zilizofungwa winchi ya PTO, nguvu hutolewa baada ya gia za giaboksi na kupita kwenye shafti ndefu chini ya gari hadi kwenye ngoma ya waya. Dereva anapata kasi tofauti kwa kubadili gia, rivasi inafungua waya, na akikanyaga klachi kila kitu kinasimama. Lakini waya unavyojikunja tabaka juu ya tabaka, ngoma inanenepa na mvuto unapungua. Fundi mzoefu hufungia mbali, waya mwingi uwe nje.

Kifaa kidogo kuliko vyote ndicho kinachoheshimiwa kuliko vyote: pini laini kwenye shafti, iliyotengenezwa ili ikatike mzigo ukizidi, kabla ya waya au gia. Anayeweka bolti ngumu mahali pake anajitafutia balaa.

Ukilinganisha na hizi, winchi ya umeme hupata joto haraka na kunyonya betri. Ya PTO huvuta mradi mafuta yapo. Ila injini ikimeza maji katikati ya mto, ni ile ya umeme pekee itakayosogeza gari.