Urafiki na Imani katika Kitabu cha Aniceti Kitereza

Imani haikabidhiwi kama barua. Mtu aichukuaye kutoka nchi moja hata nchi nyingine hana budi kupokewa yeye mwenyewe kwanza, na kupokewa si haki ya mgeni, bali ni hisani ya mwenyeji. Jambo hili limeonekana mara nyingi katika pwani ya kusini ya Ziwa Victoria, nalo limeandikwa, ingawa si kwa maneno ya wazi, katika kitabu kikubwa kilichotoka kisiwani Ukerewe: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza. Kitabu hiki kimesifiwa kuwa hazina ya mila. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi, maana kitabu ni tunda la urafiki wa Wakristo wawili, Mkerewe na mgeni, nacho kina neno la kusema juu ya urafiki wa namna hiyo.

Kabla ya kukifungua yafaa kukumbuka jinsi wageni wa kwanza walivyofika kisiwa hicho. Mwanzoni mwa mwaka 1877 wamisionari wa chama cha Kianglikana cha CMS walifikia Kageyi, upande wa mashariki ya Mwanza, wakiwa safarini kwenda Buganda. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Walikuwa wamemhifadhi mfanyabiashara Songoro, aliyegombana na Lukonge, mtawala wa kisiwa. Hapana shaka waliona kwamba kumlinda mtu aliyekimbilia kwao ni wajibu wa utu. Lakini waliingia katika ugomvi ambao chanzo chake hawakukijua vema, katika nyumba ambayo adabu zake hawajajifunza. Ujasiri wao ulikuwa mwingi. Muda wao wa kuwajua wenyeji ulikuwa mchache. Kosa hilo si la uovu, ni la haraka.

Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, ni mtoto wa zama zilizofuata. Alilelewa karibu na jamaa ya watawala wa Ukerewe, akasomea seminari ya Rubya, magharibi ya ziwa, na huko akajifunza Kilatini pamoja na lugha nyingine. Hakuwa padre. Alirudi kwao, akamwoa Anna Katura, akatumika kwa kazi mbalimbali, nyingi katika misheni. Hapo ndipo urafiki wake na padre Almas Simard, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ulipopata nguvu. Simard alipenda kusikiliza hadithi na desturi za Wakerewe, akamhimiza Kitereza aziandike zisipotee. Mwaka 1945 kazi ilikuwa imekwisha, nayo iliandikwa kwa Kikerewe.

Katika urafiki huo mafunzo yalikwenda njia mbili. Desturi ya misheni nyingi ilikuwa mgeni kufundisha na mwenyeji kukariri. Hapa mgeni aliuliza na mwenyeji akajibu; tena jibu lilikuwa refu, maana kitabu kilipochapishwa kwa Kiswahili kilipita kurasa 600. Mtu hawezi kumjibu hivyo asiyemwamini.

Na jibu lenyewe ni nini? Myombekere na Bugonoka ni mume na mke wapendanao wasio na mtoto. Ndugu za mume wanamtesa mke kwa maneno, mpaka wazazi wake wanamchukua na kumrudisha kwao. Wengine wangemtazamia Myombekere aoe mwingine. Yeye anafunga safari kwenda kwa wakweze. Huko hakemei wala hadai mali yake. Anakaa kama mwombaji, anasikiliza mashtaka ambayo mengi si makosa yake mwenyewe, bali ya watu wa ukoo wake, anatozwa pombe ya ndizi kuwa fidia. Kisha Kitereza anatuonyesha kazi ya kuipata pombe hiyo hatua kwa hatua, pamoja na jamaa na majirani wanaomsaidia mwenye shida. Msomaji mwenye haraka huchoka hapa. Lakini huo ndio moyo wa kitabu. Upatanisho hauji kwa tamko la mdomo. Unakuja kwa siku nyingi za kazi, kwa salamu zilizotimizwa, kwa mzigo uliobebwa mpaka mlangoni pa aliyekosewa. Baadaye wanamwendea mganga Kibuguma, na baada ya subira nyingine wanapata mwana, Ntulanalwo, ambaye jina lake lakumbusha kwamba mtu yu pamoja na kifo siku zote, kisha binti, Bulihwali.

Wako wasomaji ambao huona uaminifu wa Myombekere kwa mke mmoja, wakasema upesi kwamba hayo ni mafundisho ya misheni yaliyovikwa mavazi ya kale. Wana ushahidi wa namna fulani, maana Kitereza na Anna hawakubakiwa na mtoto, naye hakumwacha mkewe. Uchungu wa kitabu ni uchungu alioujua. Hata hivyo hoja hiyo yafupisha mambo. Mwandishi aliiweka hadithi yake katika siku za kale, kabla ya kengele ya kanisa kusikika kisiwani. Kama angetaka kuonyesha kwamba mapenzi ya namna hii yaliletwa na wageni, ingalikuwa rahisi kwake kumwingiza padre mlangoni. Hakufanya hivyo. Ni haki zaidi kusema kwamba Mkristo huyu alimwonyesha rafiki yake Mkristo kwamba subira, toba na uaminifu vilikuwa na makao Ukerewe kabla ya mahubiri. Hakuikana imani aliyoipokea. Aliionyesha udongo ambamo imani ile iliangukia. Hili ni jambo ambalo mtu humwambia rafiki, kwani mwalimu asiye rafiki angelidhani ni ukaidi.

Kitabu hakikosi dosari. Maelezo ya kilimo, uvuvi, dawa na ndoa mara nyingine husimamisha hadithi kabisa, na watu wadogo wa hadithi hupita bila kupata sura. Sehemu ya Ntulanalwo na Bulihwali haina mshikamano wa ile ya wazazi wao, kwa sababu swali moja kubwa la mwanzo limekwisha jibiwa. Yaelekea dosari hizi zatokana na ule urafiki wenyewe: mtu aandikaye ili mambo yasipotee huogopa kuacha lolote. Alichopata msomaji kwa wingi wa mambo alikipoteza kwa mwendo wa hadithi.

Wala urafiki huo usisifiwe kupita kiasi. Rafiki mmoja alikuwa na shirika nyuma yake na njia ya kufika kwa wapiga chapa wa ng'ambo; wa pili alikuwa na kalamu na kisiwa. Simard alifariki katika miaka ya 1950 na kitabu hakijachapishwa. Zaidi ya miaka kumi baadaye wageni wengine, Gerald Hartwig, mwanahistoria, na mkewe Charlotte, walimkuta Kitereza mzee na maskini, wakamsaidia kutafuta njia mpya. Yeye mwenyewe alikifasiri kitabu chake kwa Kiswahili, kazi kubwa kwa mtu wa umri wake. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, naye akafa mwaka 1981. Miaka 35 ni muda mrefu kwa kazi kungoja. Urafiki ulikizaa kitabu. Haukutosha kukifikisha kwa wasomaji upesi, maana mapenzi ya watu wawili hayaondoi tofauti ya uwezo iliyo kati yao.

Siku hizi wapo wageni wanaofika Mwanza na vijiji vya pwani ya ziwa kwa majuma machache ili kuishiriki imani yao, na wengi hueleza kwamba watafanya hivyo kwa njia ya urafiki. Nia hiyo ni njema kuliko amri za zamani. Kitabu cha Kitereza kingewafaa kabla ya safari, hasa zile kurasa za pombe ya ndizi zinazowachosha wenye haraka. Humo watajifunza kwamba rafiki hukaa kwanza mahali alipoonyeshwa, huuliza, hungoja, na hukubali kuwa na deni. Myombekere hakurudishiwa mke kwa sababu alisema vizuri. Alirudishiwa kwa sababu alikubali masharti ya nyumba aliyoiendea, akayatimiza yote.